Bibi Aliyeumwa kwa Niaba Yangu

Jumamosi jioni, Mzenga. Mawingu yamejazana tangu asubuhi na mvua hainyeshi, joto limekaa tu kama mgeni asiyejua kuaga. Naandika nikiwa nyuma ya banda la kuku la Bibi kwa sababu huku ndiko simu inakoshika mtandao. Kuku wananitazama vibaya, wanadhani nimefuata mayai.

Nimechoka. Ila si ule uchovu wangu niliouzoea, wa kuchoka bila kufanya kitu. Wa leo una sababu, na naona nikilala bila kuuandika, kesho nitajiambia haikutokea.

Wachache mnaopita kwenye blogu hii mnajua kwamba nilinyamaza muda mrefu. Nilikuwa safarini.

Hapana, naanza upya.

Sikuwa safarini. Nilikuwa nyumbani kwetu Kibaha, chumbani kwangu, kitandani, uso ukutani. Aliyekuwa safarini ni Zuhura mwingine, yule ambaye Mama alikuwa akiwasimulia wateja wake wa vitumbua kila asubuhi. Zuhura huyo alikuwa na afya njema, yuko huku Mzenga anamuuguza bibi yake. Habari zake nilizipata kupitia dirishani, na kuna siku nilimwonea wivu.

Kabla ya hapo nilikuwa nafunga maboksi kwenye kiwanda kimoja kule Zegereni. Naamka alfajiri, nawahi gari la wafanyakazi, narudi jioni miguu imevimba, nalala. Maisha ya watu wengi tu. Asubuhi moja nikakaa ukingoni mwa kitanda nimevaa soksi moja, nikashindwa kuvaa ya pili. Mguu hauumi, soksi haijachanika. Nimeshindwa tu. Gari likapiga honi pale barabarani, likaondoka. Kesho yake hata soksi ya kwanza sikuigusa.

Watu wanapenda sababu. Sina. Hakuna aliyefariki karibuni, sikuachwa na mtu, na kazini hawakunifukuza mpaka walipochoka kunisubiri, wala siwalaumu. Ningekuwa na sababu ningewaonyesha watu wakaipa pole, nami ningepumzika. Badala yake nilikuwa na uzito kifuani usio na jina, na aibu ya kuwa nao bila ruhusa.

Mama alinipeleka kwanza kwa shehe wetu, nikaandikiwa kombe la aya za Kurani, nikanywa. Halafu akanipeleka hospitali, nikapewa vidonge, nikameza. Kombe na vidonge havikugombana. Daktari, dada mmoja mtaratibu asiyekuwa na haraka, alisema ninachoumwa kinaitwa sonona na kwamba dawa zitachukua muda kufanya kazi. Wakati nazisubiri, akanipa shughuli. Niamke saa ileile kila siku hata kama sina pa kwenda. Nioge kabla ya kushika simu. Nitoke nje asubuhi nipate jua, nitembee japo mpaka barabarani na kurudi. Nisile peke yangu. Na kila siku niongee na mtu mmoja asiye wa nyumbani, hata kama ni kumsalimia na kupita.

Nilimtazama nikawaza, mimi nashindwa soksi, wewe unanituma barabarani. Lakini Mama alikuwa akiitikia kwa kichwa kila neno, kama mwanafunzi aliyekaa dawati la mbele.

Tulipofika nyumbani akafunga pazia.

Mama yangu si mtu wa uongo, naomba hilo lieleweke kabla sijaendelea. Ni mtu wa kujisitiri. Anakaanga vitumbua barazani kwetu, chini kabisa ya dirisha la chumba changu, na tangu Baba afariki vitumbua hivyo ndivyo vinavyotulisha. Mtaa mzima unapita pale asubuhi. Mteja wa kwanza kuuliza mbona Zuhura hawahi tena gari la Zegereni, Mama alijibu bila kufikiri kwamba nimesafiri, niko Mzenga kwa bibi yangu. Nadhani alitaka tu kupata nafasi ya kugeuza vitumbua visiungue.

Ila mtaani kwetu uongo hauachwi upumzike. Kesho yake wakauliza narudi lini. Mama akasema bibi yangu hajisikii vizuri. Anaumwa nini? Miguu. Baada ya siku kadhaa miguu ikawa presha, na presha ikamfanya Bibi asile. Nikiwa nimelala pale nasikiliza ugonjwa wa Bibi unavyokua, nikagundua kitu. Mama hakuwa anabuni. Alikuwa anawaeleza mimi. Hali, halali, haamki, ukimsemesha anakutazama tu kama hakujui. Kila alichokiona chumbani kwangu alikibeba mpaka barazani akakivika Bibi.

Na watu wakatoa pole za kweli. Mungu amponye mama, Mama Zuhura. Tunamwombea. Mwambie Zuhura ajikaze. Pole zangu zote zikaenda Mzenga kwa bibi kizee ambaye muda huohuo, kama nilivyokuja kujua, alikuwa akipasua kuni.

Kwa hiyo nikafungika. Huwezi kupata jua la asubuhi Kibaha ilhali uko Mzenga. Nilikwenda msalani kabla Mama hajawasha moto, na baada ya hapo nilibana mpaka beseni la vitumbua liishe. Nikikohoa, nakohoa ndani ya mto. Nguo zangu zilianikwa chumbani, kwenye kamba iliyofungwa msumari kwa msumari, zikawa na uvundo, nami nikawa na uvundo. Mama alileta chakula, akaweka, akageuka haraka kuwahi wateja. Nilikula peke yangu. Kuongea na mtu asiye wa nyumbani ndiyo usiseme.

Nilianza kuwatambua watu kwa ndala zao. Yule anayeburuta mguu wa kushoto. Yule anayesimama mbali kwa kuogopa moshi. Wanaita Mama Zuhura, Mama Zuhura, maana Mama anaitwa kwa jina langu, kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa naitwa tena na tena na sitakiwi kuitika.

Na hapa lazima niseme ukweli wote. Kuna sehemu yangu iliyopenda. Sonona inataka hivyohivyo, inataka chumba, inataka pazia, na mtu wa kukulindia mlango asiingie mwingine. Mama alifikiri ananificha mimi. Ugonjwa nao ulikuwa unashukuru, umepata pa kukaa kwa raha.

Mlango haukuwa na kufuli.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta anaitwa Mama Shija. Ni Mnyamwezi wa Tabora, na kwa kuwa sisi ni Wazaramo, basi ni mtani wetu, ana haki ya kumwambia Mama mambo ambayo mwingine akiyasema tutafikishana kwa mjumbe. Kwamba Wazaramo tukipewa jembe tunauliza ngoma iko wapi. Kwamba vitumbua vya Mama vina matundu ndani kwa sababu ya ubahili. Mama humjibu kwamba Wanyamwezi walikuja pwani wamebeba mizigo ya watu na mpaka leo hawajui kukaa. Wakianza hivyo wateja wanasahau chenji.

Siku moja Mama Shija alikuja wakati wateja wamekwisha. Nilisikia kigoda kikivutwa. Hakukuwa na utani. Kwa sauti ya chini akamwambia Mama kwamba alipojifungua mtoto wake wa mwisho, huko Tabora, alilala akashindwa kuamka. Mtoto analia pembeni yake naye anamsikia kama analia nyumba ya tatu. Ndugu wa mume wakasema mvivu, baadaye wakasema karogwa, baadaye wakanyamaza. Alisema hapa Kibaha hajawahi kumwambia mtu. "Sijui hata kwa nini nakwambia leo," akasema.

Nilikuwa nimekaa sakafuni chini ya dirisha. Kati yangu na yeye kulikuwa na kitambaa tu. Niliona kivuli cha kilemba chake kwenye pazia. Mimi pia. Maneno hayo mawili yalifika mpaka kwenye meno. Nikasubiri Mama ayaseme kwa niaba yangu, aseme na wangu yuko humo ndani hivyohivyo. Ilikuwa nafasi yenyewe, imeletwa mpaka mlangoni.

Mama akasema mshukuru Mungu yalipita. Kisha akamuuliza kama amfungie vitumbua vilivyobaki.

Niliuma shuka. Sijawahi kumkasirikia Mama kiasi kile. Na katikati ya hasira nikashtuka, kwa sababu hasira ilikuwa kitu cha kwanza kukihisi baada ya muda mrefu sana.

Sasa, Mama Shija huyohuyo ndiye mwenyekiti wa kikundi cha akina mama cha mtaa wetu. Utaratibu wao ni kwamba mzazi wa mwanachama akiugua, wanakodi gari wanakwenda kumjulia hali, na sukari, na sabuni, na khanga. Mama mwenyewe amekwenda kwa wazazi wa wenzake mara nyingi. Wiki hii wakamtangazia kwamba wamechelewa sana kwenda kwa mama yake, wanaona aibu, na Jumamosi wanakwenda Mzenga apende asipende.

Angewakatalia vipi? Kwetu ukimzuia mtu asije kumwona mgonjwa wako, ni kama umemwambia anaroga.

Alhamisi Mama aliingia chumbani akakaa miguuni pangu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa siku nyingi. Kisha akasema, "Zuhura, mwanangu, itabidi uende kweli."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Mpango wake ulikuwa huu. Niende Mzenga Ijumaa. Nimwombe Bibi ajilaze kitandani Jumamosi wageni wakifika, ajifunike shuka, asiongee sana. Yeye Mama atakuja na wenzake garini kama kawaida. Wataniona namuuguza, watatoa pole, wataondoka. Baada ya muda kidogo nitarudi Kibaha na gunia la mihogo mbele ya macho ya watu, safari iwe imekwisha. Bibi mwenyewe, Mama hakumpigia simu. Alinituma mimi nikamweleze, maana anamwogopa mama yake mpaka leo.

Jana alfajiri nikatoka nyumbani kwetu nimevaa baibui na nikabu, kama mtu aliyeiba. Mama alikuwa ameita bodaboda wa kutoka Mlandizi kwa kuwa wa kijiwe chetu wananijua. Pale nje Mama Shija alikuwa anafagia uwanja wake. Akainuka, akashika kiuno, akanisalimia, "Za asubuhi, mama." Sikuweza kujibu, angeijua sauti. Niliinamisha kichwa nikapita. Mtu pekee niliyekuwa na neno la kumwambia, na nimempita nimejifunika uso.

Kutoka Mlandizi barabara ni ya vumbi na mashimo, dereva anaongea na mashimo yake. Jua likachomoza tukiwa njiani. Mwili wangu wote ulikuwa umefunikwa isipokuwa viganja, na jua likavikuta hivyo hivyo viganja. Nilivitazama njia nzima. Vilikuwa vimepauka kama vya mtu mwingine.

Bibi nilimkuta anatua mzigo wa kuni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama kuanzia juu mpaka chini, akasema, "Umekonda. Vua hayo madude uje umenye mihogo."

Nilimweleza tukiwa tunamenya. Alisikiliza vizuri mpaka nilipofika kwenye presha. Kisu kikasimama.

"Mimi naumwa tangu lini?"

Nikamwambia tangu lini.

"Na kula sili?"

Huli, nikasema.

Bibi akasema maneno mawili ya Kizaramo ambayo hakunifundisha utotoni. Kisha akasema, "Mnanichuria maradhi. Mama yako ameuza vitumbua mpaka sasa ameanza kuniuza na mimi." Nikamwomba ajilaze kwa muda kidogo tu, kwa ajili ya mwanawe. Akaniambia mtu mzima akijilaza kitandani na wageni wakaja kumtolea pole akiwa hana ugonjwa, ugonjwa unasikia unaitwa. Hataki. Na mazungumzo yakafungwa, tukarudi kwenye mihogo.

Hakuuliza mimi nina nini. Ila kila nilipojipenyeza kwenda kitandani aliniita. Lete chumvi. Tazama moto. Huyo kuku anakwenda wapi. Alinitaka nikaoge jua likiwa bado lipo, na tukala kwenye sinia moja, anasukuma vipande upande wangu bila kusema. Alikuwa akifuata maagizo ya daktari mstari kwa mstari bila kumjua daktari. Sitaki kudanganya kwamba nilipona kwa siku moja ya shamba. Mchana nililia ndani ya beseni la mihogo, bila sababu, kama kawaida yangu. Bibi akasema basi leo hatutii chumvi.

Usingizi ulikuja, lakini na hofu. Kesho watu wanakuja kumwona mgonjwa na mgonjwa amekataa kuumwa.

Leo gari likasikika kabla ya adhuhuri. Nilikuwa jikoni. Sikufikiri, miguu ilinipeleka yenyewe chumbani, nikajitupa kitandani, uso ukutani. Nimesafiri mpaka wilaya nyingine na bado niko palepale, nimelala, nasikiliza watu kupitia dirishani. Zile ndala zote nazijua. Yule anayeburuta mguu. Yule anayeogopa moshi.

Bibi hakuwa kitandani. Alikuwa shambani, na alitokea nyuma ya nyumba na jembe begani, ametoka jasho, akawakuta wanashusha sukari.

Shikamoo zikamwagika. Marahaba, marahaba, karibuni wanangu. Nikasikia sauti ya Mama, nyembamba, ikisema alhamdulillah, leo kaamka na nguvu.

"Sijaumwa," Bibi akasema.

Niliwaza Mama amesimama pale mbele ya wenzake wote, na khanga waliyomnunulia mama yake mikononi, na nikatamani ardhi inichukue kwa niaba yake. Mama Shija ndiye aliyejaribu kuokoa jahazi. Akasema, "Mtani, sisi tumekuja na sukari ya mgonjwa. Sasa turudi nayo?"

"Msirudi nayo," Bibi akamjibu. "Mgonjwa yupo. Yuko humo chumbani. Mimi nimechoka kuumwa kwa niaba yake."

Mtu asije akasema Bibi alifanya busara. Bibi alikuwa anaogopa. Alikuwa anaurudisha ugonjwa kwa mwenyewe kabla haujamzoea.

Nilisikia viatu vikivuliwa mlangoni. Nikakaa. Wakaingia mmoja mmoja, wakajaza chumba, na Mama nyuma yao. Hakuna aliyeniona tangu siku ya soksi. Niliona wanavyoniangalia mifupa ya shingo. Mmoja akauliza kwa upole, "Zuhura, mwanangu, unaumwa nini?"

"Malaria," Mama akasema haraka. "Imempata hukuhuku, juzi."

Akanitazama. Nayajua macho yale. Alikuwa ananiomba. Na ilikuwa rahisi mno. Nitikise kichwa tu, nitoe sauti ya homa, wanipe pole ya malaria, nipone baada ya siku chache kama watu wanavyopona malaria. Nirudi Kibaha na gunia langu. Mama angeendelea kukaanga barazani kichwa juu. Na siku nyingine nikishindwa soksi, tungefunga pazia, nisafiri tena.

Hiyo ndiyo iliyonitisha. Kwamba nitasafiri tena.

"Si malaria," nikasema. Sauti ilikwaruza, haikuwa imetumika. "Ni sonona. Na sikuwa Mzenga, nimekuja jana. Siku zote nilikuwa nyumbani, chumbani kwangu."

Mama akatoka nje.

Ningeishia hapo ingetosha. Lakini Mama Shija alikuwa mbele yangu, na yale maneno yalikuwa yamekaa mdomoni mwangu muda mrefu. Nikamwambia siku ile aliyomsimulia Mama habari za mtoto wake wa mwisho, nilikuwa nyuma ya pazia. Nikamwambia, "Nilitaka kukwambia mimi pia."

Ndipo nikakumbuka kwamba alisema hajawahi kumwambia mtu Kibaha. Na Kibaha yote imesimama humu chumbani. Nimemvua nguo mbele za watu. Wenzake wakageuka kumtazama. Uso ukaniwaka moto.

Mama Shija alinitazama. Halafu akaweka pochi yake chini.

"Sogea," akasema. "Sogea nikae."

Nikasogea. Akakaa kitandani kwangu, kitanda kikalia, akaushika mguu wangu juu ya shuka kama anayeshika kitu kisidondoke. Akawaeleza wenzake yeye mwenyewe, kwa kifupi, kwamba alipojifungua Tabora alilala hivihivi, na kwamba aliyemwinua ni shemeji yake mmoja aliyekuwa akija kila asubuhi kumlazimisha waende kisimani, wanachota ndoo nusu, wanarudi. Hakusema zaidi. Kisha akanigeukia. "Ila nyie Wazaramo mmezidi. Nimemwombea huyu bibi mpaka magoti yameota sugu, kumbe ana jembe begani. Sala zangu mtazilipa."

Mtu akacheka, wakacheka wote. Sio wote. Mmoja alibaki mlangoni, akanitazama kama naweza kumwambukiza, akaondoka akinong'ona dua. Nilimwona. Na wengine waliona nimemwona. Lakini waliobaki walifanya walichokuja kufanya. Kila mmoja alinishika mkono, akaniambia pole, akaniuliza nalala, nakula, dawa zinanikubali. Ile sukari iliyokuja kwa ajili ya Bibi ikawekwa mapajani mwangu. Nililia sana. Nilikuwa sijui kama mtu anaweza kuikosa pole kiasi kile.

Mama hakurudi ndani. Nilimwona dirishani akichochea moto ambao haukuwa na chungu juu yake. Aliwapikia wageni, akawapakulia, hakunitazama. Nimemuaibisha mbele ya watu aliojenga nao heshima maisha yake yote, najua. Nimeyafanya ili nipumue, na yeye ndiye amekosa pumzi. Sijui hesabu ya jambo hili inakuwaje.

Gari lilipowashwa alikuja mpaka mlangoni kwangu, akasimama nje ya kizingiti. Macho mekundu, labda moshi.

"Mkono huu unanisumbua," akasema. "Jumatatu nitahitaji mtu wa kunigeuzia vitumbua."

"Barazani?" nikamuuliza.

"Kwani siku zote nakaangia wapi?"

Akaondoka hatua mbili, akarudi. "Na usije na ile nikabu."

Hakuomba radhi. Mimi pia sikuomba.

Sasa giza linaanza kuingia, Bibi ananiita nikafunge banda nililoliegemea. Kifua bado kizito. Sijapona, na sitaki mtu asome hapa adhani nimepona. Inawezekana Jumatatu nikakaa tena ukingoni mwa kitanda nikitazama soksi. Naogopa ile baraza kuliko ninavyoweza kueleza. Yule wa mlangoni atakuwa ameshafikisha habari mtaani kabla yangu, na huenda wapo watakaoacha kununua kwetu. Mama anajua hilo vizuri kuliko mimi, na bado ameniita. Mama Shija naye ameahidi kupita mapema, kabla moto haujawaka, twende mpaka barabarani na kurudi. Amesema nisipotoka atabisha mpaka ukuta udondoke, halafu tujenge Wazaramo wenyewe.

Kesho nitamenya mihogo, nitaoga jua likiwepo, nitakula na Bibi, jioni nirudi Kibaha. Kesho kutwa ndiyo inayonitoa jasho.

Najua swali la kwanza litakuwa lipi. Nitakuwa nimekaa pale na vijiti vya kugeuzia, na mtu atasema, Zuhura, umerudi, bibi anaendeleaje? Jibu nimeshaliandaa. Nimelifanyia mazoezi mbele ya kuku hawa mpaka wameacha kunishangaa. Bibi ni mzima. Mgonjwa ni mimi. Karibu kitumbua.